Kaseti Iliyotoka Mfukoni mwa Koti

Dada yangu Doreen huwaambia watoto wake kwamba nilipokuwa mdogo nilitolewa pepo kanisani. Huisimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo. Huanza na karai la moto, akafika kwenye macho yangu yaliyogeuka, akamalizia na jinsi nilivyonyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Watoto hunitazama kana kwamba bado kuna kitu kinaweza kunitoka puani. Mimi huendelea kula. Nimekula ugali mwingi nyumbani kwake Mountain View nikisikiliza hadithi hiyo, na kwa miaka yote sikusema neno, kwa sababu mimi si mtu wa kuongea na kila mtu anajua hivyo.

Sasa naandika. Sikuwa na pepo. Nilikuwa na wimbo wa roki, na Doreen ndiye aliyenifundisha wimbo huo.

Tulikaa Kabiria, chumba kimoja cha mabati katika ploti ya Mama Wanjiru, ambaye baba yake alilima pale kabla hapajawa mtaa, na ambaye bado alifuga ng'ombe wawili nyuma ya vyoo. Baba alikuwa mtu wa mjengo, kibarua wa kujenga nyumba za watu. Mama aliuza omena na mboga sokoni Kawangware. Nyumbani kwetu hasa ni upande wa Bungoma, na redio yetu ilikuwepo kwa ajili ya huko: baba aliifungua wakati wa habari na wakati wa matangazo ya vifo, ili tujue kama kuna mtu wetu amekufa, kisha aliizima ili betri zisiishe. Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka redio hizo, nyeusi, kubwa, kifuniko cha kaseti kimevunjika na kushikiliwa kwa mpira. Kuigusa kulikuwa kutafuta kiboko, isipokuwa Jumamosi mchana, baba akiwa bado kazini na mama sokoni, ambapo mkubwa wa nyumba alikuwa Doreen.

Doreen alikuwa amemaliza shule na kupata kazi ya kupiga pasi kwa dobi mmoja Kilimani. Alirudi jioni, na Jumamosi saa sita mchana, akinukia mvuke na nguo za watu, na nililala nimeweka pua kwenye mgongo wake kwa sababu harufu ile ilikuwa ya joto. Pale kwa dobi kulikuwa na desturi. Kabla nguo haijaloweshwa, mifuko yote inakaguliwa, na kila kinachopatikana kinatiwa kwenye kopo juu ya kaunta pamoja na namba ya risiti. Mwenyewe akikaa miezi mitatu bila kurudi, kitu kinakuwa cha aliyekipata. Ndivyo tulivyopata miwani ya jua isiyo na mguu mmoja, rozari, na kijiko kidogo cha fedha ambacho mama alikitumia kupimia chumvi. Ndivyo tulivyopata kaseti.

"Nimeitoa kwa koti," Doreen alisema. "Koti nyeusi, nzito hivi, ya ng'ambo. Mwenyewe hajarudi."

"Atavaa nini?" niliuliza.

"Nani?"

"Mwenye koti."

"Wewe nawe, Nekesa! Watu wa Kilimani wako na makoti kumi."

Sikumwamini. Ilikuwa bado majira ya baridi, yale ya Nairobi ambapo mabati hutoa jasho asubuhi na jasho hilo hukudondokea shingoni ukivaa viatu. Nilimfikiria mtu yule akitembea na shati tu.

Kaseti haikuwa na jina. Mtu alikuwa ameirekodi mwenyewe nyumbani, akaandika A kwa kalamu upande mmoja, B upande wa pili, basi. Doreen aliitia ndani na kubonyeza, na kwanza tukasikia kitu kama mabati yanayoburutwa juu ya mawe, kisha ngoma, kisha mwanamume akaanza kusema kwa sauti ya chini, haraka, kwa Kiingereza ambacho hata Doreen hakukishika. Wimbo kwa wimbo sauti yake ilipanda. Katika wimbo wa mwisho wa upande A, uliokuwa mrefu kuliko zote, alianza chini tena, akapanda mpaka akawa hasemi, anapiga mayowe, anarudia neno moja juu zaidi na zaidi, na alipofika mahali ambapo ulidhani koo litapasuka, pap, kimya. Utepe ulikuwa umeisha. Doreen akageuza kaseti, na upande B ukaanza na gitaa moja tu, na mwanamume yuleyule sasa anaimba polepole kama mtu aliyeshika kikombe cha chai.

Mimi nilielewa yote papo hapo. Huyu ndiye mwenye koti. Amesimama nje ya mlango wa dobi, duka limefungwa, baridi inamtafuna. Kwanza anaita kwa adabu. Hawamsikii. Anagonga mabati. Anapaza sauti mpaka inakatika, na inakatika kwa sababu mtu amemfungulia. Upande B tayari amelivaa koti lake. Sikuona haja ya kumwambia mtu yeyote, kwa kuwa nilidhani kila anayesikia anaelewa hivyohivyo.

Kila Jumamosi tuliicheza. Doreen alivua aibu yote siku hiyo. Hakuwahi kuona jinsi watu wanavyocheza muziki wa namna hiyo, kwa hiyo aliucheza kwa mabega, kama shangazi zetu wanavyocheza kwenye harusi nyumbani, mgongo umeinama kidogo, mabega yanatetema mpaka unashindwa kuyahesabu, na miguu haitoki mahali ilipo. Ukiwa hujaona gitaa la roki likichezewa mabega ya kwetu, ya Kibukusu, hujaona kitu. Nami nilicheza nyuma yake. Tuliyashika maneno kwa sauti tu, bila maana, tukapiga mayowe pamoja mpaka pale pap, na hapo tulianguka kitandani tukicheka.

Mama Wanjiru aliwahi kuja akagonga ukuta. "Doreen! Huko ndani kuna mtu anachinjwa?"

"Hapana, mama! Ni redio!"

"Basi ambia redio ikufe polepole. Ng'ombe yangu imekataa kutoa maziwa."

Lazima niwaambie nilikuwa mtoto wa namna gani, la sivyo hamtaelewa kilichofuata. Shuleni mwalimu alipoita majina sikuweza kuitikia. Sauti ilifika kooni ikakaa. Mwalimu mmoja alinitia alama ya mtoro nikiwa nimeketi mbele yake, akinitazama. Wenzangu waliniita Bubu, na wengine waliokuwa wakarimu kidogo waliniita Kanisa, kwa sababu ya ukimya. Lakini karibu na kwetu kulikuwa na mashine ya kusaga unga, na mama aliponituma na debe la mahindi, nilisimama nyuma ya kibanda pale mkanda ulipokuwa unazunguka, mahali ambapo hata ungeungua hakuna ambaye angekusikia, nikapiga wimbo wa mwenye koti mwanzo hadi mwisho. Hapo nilijua kwamba nina sauti. Ni kubwa pia. Nilirudi nyumbani na unga kwenye nyusi, nimetulia.

Kisha Doreen akaokoka.

Jambo hilo halikuja siku moja. Kwanza alianza kupunguza sauti ya redio. Kisha akasema nyimbo za mwanzo zinamuumiza kichwa, tuweke upande B peke yake. Alikuwa amejuana na Timothy, kijana mpole aliyewapangia watu viti katika kanisa la mabati kule Kawangware, na Timothy alikuwa amemuuliza anasikiliza nini. Jumamosi moja nilipochukua kaseti aliushika mkono wangu.

"Hii kitu iko na kitu ndani," alisema.

"Kitu gani?"

"Sijui. Nilikuwa naipenda juu ya vile nilikuwa gizani."

Nilitazama dirisha letu. Chumba kilikuwa na mwanga wa kutosha. Nilikasirika, lakini hasira yangu ilikaa kooni pamoja na vitu vingine.

Katika kanisa lile, mtu aliyeokoka alitakiwa kuleta mbele vitu vyake vya dunia. Liliwekwa karai la mjengo mlangoni, makaa yakawaka, na kila mmoja alitaja anachokiacha, akakitupa. Siku ile mama mmoja aliacha hirizi ya mtoto, kijana akaacha pakiti ya sigara iliyokuwa na sigara mbili, na ilionekana wazi kwamba zile mbili zilimuuma. Doreen akaja na sketi fupi, hereni za plastiki, na kaseti.

"Hii ni nini?" mchungaji aliuliza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi wa viatu siku za wiki, na aliwahi kunishonea vyangu bure.

"Ni nyimbo."

"Za nani?"

"Sijui, pasta. Haina jina."

Mchungaji aliigeuza mkononi akaonyesha watu. "Mnaona? Kitu cha Mungu kiko na jina. Hii haina jina, haina mwenyewe, imetoka kwa mfuko ya mtu hajulikani. Hii ni mlango."

Hapo nikasimama. Sijui hata leo miguu ilitoka wapi. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la watoto, na nikajikuta katikati, na neno likatoka.

"Iko na mwenyewe."

Mama alinivuta gauni. Mchungaji akainama. "Kumbe anaongea! Mwenyewe ni nani, mtoto?"

"Ni wa koti. Akirudi atataka."

Kanisa zima likacheka, cheko zuri tu lisilo na ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza. Doreen hakucheka. Alinitazama mara moja, kisha akageuka akaidondosha. Mnaijua harufu ya plastiki inayoungua. Utepe ulijikunja juu ya makaa kama nywele.

Nikafungua mdomo nikaimba. Nilianza pale mbali, kwenye wimbo mrefu wa mwisho, sauti ya chini, haraka haraka, maneno yale ya Kiingereza yasiyo ya Kiingereza. Nikapanda. Macho niliyafumba nusu kwa sababu ndivyo nilivyofanya kwenye mashine ya unga. Nilisikia mtu akisema, "Ni ndimi!" na mwingine akajibu, "Ndimi gani? Hiyo ni pepo!" na mara mikono ikawa juu ya kichwa changu, mingi, mizito, mmoja unanuka gundi ya viatu. "Toka!" mchungaji aliamuru. Nikapanda zaidi. "Toka, nakwambia!" Kina mama wakalia. Mama yangu naye alilia, akiniita jina la nyanya yangu. Nami nilipiga lile neno moja juu, juu tena, mpaka mahali pale ambapo koo linataka kupasuka, na hapo nikanyamaza. Pap. Kwa sababu wimbo unaishia hapo.

"Ametoka!" mchungaji akapaza sauti, na kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Mtu mmoja tu ndani ya mabati yale alijua kilichotokea. Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa amejifunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yanatetema. Kama alikuwa analia au anacheka, sikujua, na usiku ule kitandani hakusema. Alinigeuzia mgongo, nikaweka pua pale pa kawaida.

Tangu hapo mtaani niliheshimiwa. Mama Wanjiru alinipa maziwa. Watu waliosema mimi ni bubu walisema sasa nimefunguliwa, ingawa niliongea kidogo kama zamani. Doreen aliolewa na Timothy. Miaka ikaenda, na kila ilipokwenda, hadithi yake ilinona na kaseti ikakonda: kwanza ilikuwa kaseti ya nyimbo mbaya, baadaye "vitu vyake vingine vya dunia," na mwishowe, nilipomuuliza jikoni kwake kama anakumbuka tulivyocheza, alisema bila hata kugeuka, "Kaseti gani? Sisi hatukuwa na kaseti."

Lakini nilikuwa nayo, kichwani, pande zote mbili. Nilipoacha shule baada ya darasa la nane, mwenye koti hakuwa tena mtu wa kuonewa huruma. Mayowe yakawa yangu, na nilipenda kelele tu, nikauchukia upande B kwa upole wake. Nilipojifunza kushona na kupata kibanda kidogo cha kurekebisha nguo Kilimani, ukanirudia upande B, na nikajikuta nauimba chinichini nikipunguza suruali. Inawezekana ndivyo kila mtu anavyozeeka na nyimbo zake. Sikuwa na wa kumuuliza.

Mpaka juzijuzi. Uani, nyuma ya vibanda vyetu, kuna mkahawa ambapo watu wa roki hukutana Jumapili mchana, fulana nyeusi, buti, wengine na mvi. Nilikuwa namalizia gauni la mteja niliposikia mabati yakiburutwa juu ya mawe. Nilisimama na sentimita yangu ya kupimia nguo shingoni nikaenda mpaka meza yao.

Walikuwa wanaibishania albamu hiyo. Bwana mmoja wa ndevu nyeupe, wanayemwita Karanja, alikuwa anasema, "Nikiwa chuo, hii ilinifanya nitake kubomoa ukuta. Sasa nikiisikia nasikia tu mtoto amenyimwa peremende."

"Umezeeka, mzee wangu," msichana mmoja wa buti alimwambia. "Mimi naipenda juu ya ule mwisho wa polepole."

Wimbo mrefu ukafika. Nikapanda nao moyoni, nikafika kwenye koo, nikangoja kimya. Hakikuja kimya. Yowe liliendelea kidogo, likashuka, ikaingia piano, na mwanamume yule akaanza kubembeleza. Sasa nakielewa Kiingereza cha kutosha. Alikuwa anaomba msamaha kwa kupiga kelele.

"Si iliishia pale?" nilisema, na wote wakageuka.

"Iliishia wapi, sista?"

Nikawaeleza, kwa maneno machache, kaseti na mahali utepe ulipoishia. Karanja alicheka mpaka akashika ndevu. "Kumbe umeishi na nusu wimbo! Uliibiwa!"

"Sikuibiwa. Huo mwisho ndio umeongezwa."

"Ukifika umri wangu utauelewa."

"Nikifika nitakuja kukwambia hauna maana."

"Aisee!" msichana wa buti akapiga meza. "Mpeeni kiti huyu."

Sikukaa, nilikuwa na gauni la mtu. Lakini Karanja alinitumia albamu nzima kwenye simu, na jina la bendi nikalijua. Sitaliandika. Hao wana albamu yao, waiweke juu au waitupe kadiri miaka inavyowapeleka. Mimi yangu ilitoka mfukoni mwa koti, na mtu wake hakumwomba mtu yeyote msamaha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mountain View. Timothy alikuwa bado kwenye mkutano wa wazee wa kanisa. Doreen alikuwa anasonga ugali, na Joy, binti yake wa kwanza, alikuwa anapanga sahani. Niliweka simu juu ya kabati la vyombo nikabonyeza.

Doreen alijua katika mpigo wa kwanza. Mwiko ulisimama ndani ya sufuria.

"Zima hiyo."

"Sizimi."

"Nekesa. Hii ni nyumba yangu."

"Najua. Sizimi."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimemkatalia kitu, hata kaseti yenyewe sikumnyang'anya mkononi. Alinitazama kama vile alivyonitazama siku ile mbele ya karai. Mimi nami nilimtazama. Nyimbo zikaenda, za kwanza, za katikati, ugali ukaanza kushika chini na hatukuugusa. Wimbo mrefu ukaingia. Mwanamume akapanda, akapanda, na Joy akaweka sahani chini, macho yamemtoka.

"Mum," alisema polepole, "hii ndiyo ile pepo ya anti?"

Doreen alifungua mdomo. Nilingoja hadithi ije na macho yangu yaliyogeuka. Aliangalia sufuria, akaangalia simu, akapangusa mikono kwenye leso kwa muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji.

"Muulize mwenyewe," akasema.

Mtoto akanigeukia. Sauti ilifika kooni, na safari hii haikukaa.

"Ndiyo hii," nikasema. "Na haijawahi kutoka."

Nikaongeza sauti.